Jina la Kosa

Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno "wizi" lina tumbo kubwa. Aliyechomoa pochi mfukoni mwa mtu sokoni, aliyevunja dirisha usiku, na aliyemwekea mpita njia kisu shingoni, wote huitwa wezi, na mitaani adhabu yao aghalabu huwa moja. Hakimu hana ruhusa ya kusema hivyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ile ya Kenya, ambazo zote mbili zina asili yake katika sheria za Waingereza, hutofautisha hata kuvunja nyumba mchana na kuvunja nyumba usiku, na kila moja ina jina lake.

Sisi walimu tuko katikati ya mtaa na mahakama. Katika vitabu vya kumbukumbu za shule na vyuo nilivyovipitia kwa miaka mingi, neno nililokutana nalo mara nyingi zaidi ni "utovu wa nidhamu". Chini ya mwavuli huo amesimama aliyechelewa paredi na aliyempiga mwenzake mpaka akapoteza fahamu. Mtu akitaka kujua baada ya miaka 10 kama bweni fulani lilikuwa salama, kitabu hakitamwambia kitu. Ndiyo maana nilipopata kusoma habari za namna Wamarekani wanavyoyahesabu maovu ya vyuoni mwao, nilizisoma kwa makini kuliko nilivyotazamia.

Kisa kilianza na kifo. Tarehe 5 Aprili 1986, katika Chuo Kikuu cha Lehigh, mjini Bethlehem, jimbo la Pennsylvania, msichana wa miaka 19 aitwaye Jeanne Clery alibakwa na kuuawa chumbani mwake, ndani ya bweni. Muuaji alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Alipita katika milango iliyotengenezwa ijifunge yenyewe, ila wanafunzi walikuwa wameizuia isifungike ili wenzao waingie na kutoka bila usumbufu. Kila aliyewahi kuwa patroni au matroni wa bweni anaujua mlango huo. Baadaye wazazi wake, Howard na Connie Clery, wakaambiwa kwamba katika miaka mitatu iliyotangulia yalikuwa yametokea makosa 38 ya ukatili katika chuo kile. Hakuna aliyewaambia walipompeleka binti yao.

Wazazi wale walishtaki, wakapatana na chuo, kisha wakaanzisha chama cha kudai usalama vyuoni. Pennsylvania ikapitisha sheria mwaka 1988. Novemba 1990 Rais George H. W. Bush akatia saini sheria ya nchi nzima, na mwaka 1998 ikapewa jina la Jeanne Clery. Chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi lazima kitoe kila mwaka taarifa ya makosa ya miaka mitatu iliyopita, ili mzazi aisome kabla ya kutoa ada.

Kutangaza hesabu ni jambo moja. Kujua unahesabu nini ni jambo jingine. Vyuo ni maelfu na majimbo ni 50, kila moja na sheria zake za jinai. Kama kila chuo kingeyaita makosa kwa jina kipendalo, hesabu zisingelinganishika. Basi wakaazima mizani iliyokwisha kuwapo. Mwaka 1929 chama cha wakuu wa polisi kilikuwa kimetunga mwongozo wa kuyapa makosa majina ya aina moja nchi nzima, na tangu 1930 hesabu hizo zikawa chini ya ofisi ya upelelezi ambayo mwaka 1935 ilikuja kuitwa FBI. Makosa makuu yalikuwa saba: kuua, kubaka, unyang'anyi, shambulio la kudhuru mwili, kuvunja na kuingia, wizi wa kawaida, na wizi wa magari. Kuchoma moto mali kuliongezwa mwaka 1979.

Tazama sasa mizani hiyo inavyofanya kazi chuoni. Kompyuta ikiibwa juu ya meza ya maktaba, huo ni wizi wa kawaida, na wizi wa kawaida hauingii katika taarifa, isipokuwa umefanywa kwa chuki ya rangi, dini na mengine ya namna hiyo. Kompyuta ile ile ikichukuliwa na mtu aliyeingia chumbani pasipo haki, ni kuvunja na kuingia, hata kama mlango haukuwa na kufuli, hilo huhesabiwa. Akiichukua mwenzako mnayelala chumba kimoja, mwenye haki ya kuwamo, tumerudi kwenye wizi wa kawaida. Akikunyang'anya mikononi kwa kukutishia, ni unyang'anyi. Mali ni moja na hasara ni moja, ila kinachopimwa ni hatari iliyomkabili mtu, na nadhani hapo watunga mwongozo walikuwa na busara.

Vilevile tukio halingoji hukumu ya mahakama. Likiripotiwa kwa nia njema kwa mlezi wa wanafunzi, kwa mwalimu wa michezo au kwa mlinzi, limeingia hesabuni, katika mwaka lilioripotiwa. Ni polisi peke yao, baada ya uchunguzi, wenye uwezo wa kulifuta kwa kusema halikutokea. Mkuu wa chuo hana uwezo huo. Mimi niliyewaona wakuu wakisuluhisha mambo mazito ofisini, mlango umefungwa na chai mezani, naiona kanuni hii kuwa ndiyo uti wa mgongo wa sheria nzima.

Lakini ipo kanuni nyingine iliyonikosesha raha. Mwongozo wa zamani uliagiza kwamba makosa kadhaa yakitendeka katika tukio moja, lihesabiwe lile lililo zito kuliko yote, mengine yaachwe. Yaani msichana akibakwa, akaibiwa, kisha akauawa, daftari litaonyesha tarakimu moja tu, chini ya mauaji. Sheria iliyoletwa na kifo cha Jeanne Clery iliirithi kanuni hiyo, na kwa hesabu yake ubakaji wake usingeonekana popote. Ni katika kanuni mpya za mwaka 2014 ndipo ilipoamriwa kwamba ubakaji na mauaji yakiwa katika tukio moja vihesabiwe vyote viwili. Neno "ubakaji" lenyewe lilikuwa na maana nyembamba tangu miaka ya 1920: mwanamke tu, na kwa nguvu tu. Tafsiri hiyo ilipanuliwa mwaka 2012, hata mwanamume aliyetendewa akawa na mahali pa kuandikwa.

Vyuo navyo vina aibu yake. Desemba 2006 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Eastern Michigan alikutwa amekufa chumbani mwake, na chuo kikasema hakuna dalili ya uovu. Familia yake ilipata kujua kwamba aliuawa pale mtuhumiwa alipokamatwa, wiki kadhaa baadaye. Chuo kilitozwa dola 350,000. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Liberty, cha Virginia, kilitozwa dola milioni 14 kwa kuivunja sheria hiyo hiyo. Wapo wasemao kwamba hesabu ndogo si dalili ya usalama, kwani chuo ambacho wanafunzi wanathubutu kusema kitakuwa na hesabu kubwa kuliko kile wanachonyamaza. Ni kweli, na mzazi anayeisoma taarifa kama matokeo ya mtihani atapotoka.

Desemba 2024 sheria iliongezewa jambo jipya: mateso wanayofanyiwa wageni ili wakubaliwe katika kundi. Vyuo vilianza kuyahesabu mwaka 2025, na tafsiri yake inasema ni kosa hata kama aliyetendewa alikubali mwenyewe. Waliosoma shule za bweni huku kwetu wanamjua njuka, na Wakenya wanamjua mono, aliyefua nguo za wakubwa na kuamshwa usiku wa manane aimbe juu ya kitanda. Katika vile vitabu vya kumbukumbu nilivyovitaja, vingine vya tangu enzi za mkoloni, wizi wa kuku wa mwalimu umeandikwa kwa tarehe na saa. Njuka sikumkuta hata katika mstari mmoja.