Prosesa "iliyoibiwa" Ngamiani

Nilikuwa nyumbani Tanga, na huko nikakutana na jamaa ambaye mwaka 2006 nusura aitwe mwizi na ami yake mwenyewe. Nikaona kisa chake nisikiache kipotee.

Ami huyo alikuwa na kafe ya intaneti Ngamiani. Akamtuma jamaa Dar kununua seva iliyotumika, yenye prosesa mbili za Pentium III. Jamaa aliporudi akachomoa diski ya mashine ya zamani, yenye Linux na hesabu za wateja, akaipachika kwenye mpya. Ikawaka. Lakini foleni ikabaki ile ile! Najua kwa sababu nilikuwa mmoja wa wanafunzi waliokuwa wanapanga foleni hiyo.

Fundi mmoja akafungua faili la /proc/cpuinfo. Prosesa moja tu. Mzee akageuka: "Nyingine umeiuza wapi?"

"Ami, wallahi sijaigusa."

Hakuna aliyemwamini mpaka boksi lilipofunguliwa. Prosesa mbili zimetulia, kila moja na feni yake.

Ilikuwaje basi? Linux ya Linus Torvalds ilizaliwa 1991 kwa ajili ya mashine za prosesa moja. Kuweka mbili ni hatari: zikiandika mahali pamoja kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, kila moja inavuruga hesabu ya mwenzake. Alan Cox, akianzia kwenye kazi ya Thomas Radke, na kwa ubao wa prosesa mbili aliopewa na kampuni ya Caldera, akapita njia nyepesi: kufuli moja kubwa. Toleo la 2.0 lilitoka nalo Juni 1996.

Aliyewahi kungoja pantoni ya Pangani ataelewa mara moja. Magari yaliweza kukimbia yatakavyo upande wa mjini na upande wa Bweni, ila mtoni wote mlingoja chombo kimoja. Programu nazo zilikimbia kwenye prosesa zote, lakini zikihitaji kiini cha mfumo, ambacho mafundi wanakiita keneli, moja inaingia na nyingine inasubiri. Toleo la 2.2 la mwaka 1999 likaanza kugawa kufuli hilo katika makufuli madogo madogo. Mabaki yake ya mwisho yalitolewa na Arnd Bergmann katika toleo la 2.6.39, Mei 2011. Miaka 15 jamani!

Sasa, kufunga na kufungua makufuli kunakula muda. Ndiyo maana miaka ile wasambazaji wengi walitoa keneli za aina mbili: ya prosesa moja, na nyingine yenye herufi smp kwenye jina. Diski ya mzee ilikuwa na ile ya kwanza, ambayo haijui kabisa kutafuta prosesa ya pili.

Wakaweka ya smp. Mashine ikaganda katikati ya kuwaka. (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshatupa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, lakini maandishi ya kuwaka yalikuwa Kiingereza kitupu, na mzee aliyakodolea macho kama hati ya mahakama.) Usiku wa pili fundi akaongeza neno moja kwenye mstari wa kuwashia: noapic. Neno hilo linaiambia keneli isitumie chipu inayogawia prosesa miito ya diski na kadi ya mtandao. Miito yote iende kwa prosesa ya kwanza. Ni kiraka tu. Mara nyingi ugonjwa wenyewe uko kwenye jedwali la ubao, linaloeleza vibaya waya upi unakwenda wapi.

Safari hii faili likaorodhesha prosesa 0 na prosesa 1. Mzee akainama, akasoma, akauliza, "Hii sifuri ndiyo iliyoibiwa?"

Watu walicheka sana. Jamaa hakucheka. Ananiambia ami yake hakuwahi kumwomba radhi kwa mdomo, ila wiki iliyofuata alimtuma tena Dar na fedha taslimu, bila kuzihesabu mbele yake.