Kinyonga wa Mlima Meru na Maulama wa Mbali

Mwaka 1905, Boma la Arusha lingali jipya na mamlaka ya Wajerumani yamo ndani yake, mtaalamu wa wadudu kutoka Stockholm, Yngve Sjöstedt, aliwasili katika nchi ya Kilimanjaro na Meru, akapiga hema Ngare Nanyuki, akakusanya wadudu, ndege na mijusi, akawapeleka Sweden, ambako maulama ambao aghalabu hawakupata kuikanyaga ardhi hii walikaa kuwapambanua mmoja baada ya mmoja.

Sasa kinyonga, ambaye machoni pa watu sifa yake kuu ni rangi, akizamishwa katika spiriti hupoteza sifa hiyo. Hivyo mtambuzi wa makumbusho hakuwa na budi kutegemea umbo: idadi ya pembe, kimo cha shungi la kisogoni, safu ya miiba mgongoni, na mpango wa magamba. Kwa mizani hiyo, mwaka 1958, A. Stanley Rand wa Harvard, katika makumbusho ambayo Arthur Loveridge, aliyepata kuwa bwana nyama msaidizi Tanganyika, alitunza mikusanyo yake ya reptilia hata 1957, alitoa kanuni za kuwatambua vinyonga wa pembe tatu, na humo akamtaja mkazi wa Meru, merumontanus, kuwa tawi la jacksonii, aliyepewa jina na Boulenger wa London mwaka 1896. Huyu wa Meru ni mdogo kuliko nduguze wa Kenya. Dume ana pembe moja puani na mbili mbele ya macho, na jike aghalabu ana ile ya puani tu.

Lakini pembe, kwa maoni yangu, ni shahidi wa kutiliwa shaka. Mwaka 1986 Klaver na Böhme, waliopanga jamaa nzima ya vinyonga kwa kuchungua mapafu na viungo vya uzazi vya dume, walidhihirisha kuwa undugu umefichika ndani ya mwili. Vinyonga wa pembe mbili wa Usambara wamo katika jenasi nyingine kabisa, ilhali sternfeldi, asiye na pembe hata moja, ambaye Rand huyo huyo alimpa jina mwaka 1963, na aishiye Meru vilevile, amehesabiwa jenasi moja na yule mwenye tatu. Na wote wawili, katika baridi ya mlima ambako mayai yaliyofukiwa ardhini yangekawia kuanguliwa, huzaa watoto hai.