Mzinga Haujipeleki Wenyewe

Kila Desemba simu yangu hujaa picha zilezile. Wasee wameenda Mombasa, wamefika Fort Jesus, mmoja amekalia mzinga kama amepanda ngamia, mwingine ameingiza mkono mdomoni mwa mzinga hadi kwenye kiwiko. Picha zenyewe hazina shida. Kinachonikera ni kwamba karibu zote zimekatwa chini. Mdomo wa mzinga uko, uso wa msee uko, miwani iko, lakini kile kitu kilichoubeba mzinga hakionekani. Na mimi nasema stori yenyewe iko hapo chini.

Mimi ni wa Sericho. Kwa wale hamjui, ni huku Isiolo, unapita Garba Tulla unaendelea tu kuelekea kinamasi cha Lorian, kule Ewaso Nyiro inakomalizia safari yake. Hatuna ngome, hatuna mzinga wa maonyesho. Lakini mizigo tunaijua. Mvua ikinyesha lori likazama kwenye tope, abiria wote wanashuka: mzee, kijana, mwalimu, wote wanasukuma. Kwa hivyo mtu wa huku akiona kitu cha tani mbili kimekaa mahali, haulizi kwanza kiliua watu wangapi. Anauliza, kilifikaje hapa?

Tuanze na shaba, juu watu wengi hudhani mizinga yote ni chuma. Mizinga mingi unayoiona Pwani ni chuma kweli, imejaa kutu na rangi nyeusi. Ile ya bei ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na bati, karibu sehemu tisa za shaba kwa moja ya bati. Haishiki kutu hata ikikaa kando ya bahari. Na ikizidiwa na baruti, mara nyingi huvimba ama kuchanika kabla ya kupasuka, wakati chuma cha kale kiliweza kulipuka ghafla na kuua walewale wanaopiga. Ubaya ni bei. Ndiyo maana mzinga wa shaba ukichoka, wenyewe waliuyeyusha wakatengeneza mwingine, ama sarafu, ama kengele. Uliobaki mzima hadi leo una bahati.

Sasa nenda Unguja. Mbele ya mlango wa Beit al-Ajaib, ile nyumba aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa miaka mingi kumekaa mizinga miwili ya shaba. Ni ya Wareno, ya karne ya 16. Mmoja una nembo ya mfalme wa Ureno, na juu ya shaba hiyohiyo kuna maandishi ya Kiajemi. Yalichongwa baadaye, baada ya jeshi la Shah Abbas kuwatoa Wareno kisiwani Hormuz mwaka 1622, likisaidiwa na meli za Waingereza. Yaani Mwajemi aliuteka mzinga, akaandika ushindi wake juu yake, na mwishowe mzinga ukaishia kwa masultani wa Kiomani, Unguja. Mzinga mmoja, wenyewe kibao, na kila mmoja amejitambulisha.

Hapa niseme kitu kidogo. Huku kaskazini, kwa miaka mingi kijana akitaka kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya kuhojiwa: babu yako ni nani, alitoka wapi, leta mzee wa kukujua. Rais alitangaza kuufuta utaratibu huo mwanzoni mwa 2025. Mzinga wa Mreno umepita Ureno, Uajemi na Oman ukakaa mlangoni kwa Sultani, na hakuna aliyewahi kuuambia ulete mzee wa kuuthibitisha. Shaba ina karatasi zake mgongoni.

Lakini angalia tena: majina yote yaliyo kwenye shaba ni ya wafalme. Chini yake kulikuwa na mbao. Mzinga wa melini na wa ngomeni ulikaa juu ya kigari kifupi, kipana, chenye magurudumu manne madogo, kwa sababu ukipigwa unarudi nyuma kwa nguvu na lazima kamba na watu waudhibiti, kisha wausukume tena mbele hadi dirishani. Wa nchi kavu ulipewa magurudumu mawili makubwa na mkia mrefu unaolalia ardhi, ili uvutwe na farasi, ng'ombe ama binadamu. Mbao hizo huoza. Mchwa hawana heshima kwa historia. Ndiyo maana mizinga mingi leo imelazwa kwenye saruji, ama kwenye kigari kilichochongwa juzi tu. Mimi naona afadhali hicho kigari cha juzi, bora fundi ameiga umbo la zamani sawasawa. Saruji inakudanganya kwamba mzinga ulizaliwa pale.

Mfano ninaoupenda uko Ethiopia, si mbali sana na sisi, manake Waborana wako pande zote mbili za mpaka wa Moyale. Mfalme Tewodros wa Pili aliwaagiza wamishonari mafundi waliokaa Gafat wamtengenezee silaha. Wakasubu mzinga mfupi wenye mdomo mpana, wa shaba, wa tani karibu saba. Ukaitwa Sebastopol. Ilibidi ufikishwe Maqdala, juu ya mlima, na njia ya kupita gari haikuwepo. Basi wakachonga njia. Safari ilianza Oktoba 1867 ikaisha Machi 1868, mamia ya watu wakiukokota juu ya gari lake, wakishuka mabonde na kupanda miteremko ambayo hata mbuzi angefikiria mara mbili. Upande wa pili, Waingereza wa Jenerali Napier walikuwa wanakuja na tembo 44 kutoka India wa kubebea mizinga yao. Tewodros alijiua tarehe 13 Aprili 1868, ngome ikianguka. Sebastopol ungalipo Maqdala mpaka leo, na Addis Ababa kuna mfano wake. Miezi sita ya jasho, na haukuokoa chochote.

Unguja pia shaba haikuokoa mtu. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipong'ang'ania kiti cha usultani, silaha zilizopangwa kulinda jumba lake zilikuwa pamoja na mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17. Mkongwe wa miaka mia mbili na ushee, dhidi ya meli za kivita za mvuke! Haikufika saa nzima. Watu kama 500 upande wa Khalid waliuawa ama kujeruhiwa. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Turudi Fort Jesus, kwa zile picha zenu. Pale kuna mizinga miwili ambayo si ya shaba wala si ya Wareno, na mngeiangalia hiyo kwanza. Mmoja ni wa meli ya Kijerumani Königsberg, mwingine wa meli ya Kiingereza Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliipiga Pegasus bandarini Unguja ikaizamisha, kisha ikaenda kujificha delta ya Rufiji. Julai 1915 Waingereza wakaifuata huko, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Lakini mizinga yake kumi waliitoa, wakaipeleka Dar es Salaam, mafundi wakaitengenezea magari ya magurudumu. Mizinga ya baharini ikageuka ya porini. Waingereza nao wakaopoa ya Pegasus wakaifanyia vivyo hivyo. Maadui wawili wa baharini, leo majirani Mombasa.

Na porini nani aliivuta? Mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Wakabaki watu, mamia kwa mzinga mmoja, wameshika kamba. Nyuma yao kulikuwa na wengine wamebeba risasi, unga na mahema kichwani. Wanahistoria hukadiria wapagazi karibu 45,000 kutoka Kenya pekee walikufa katika vita hivyo, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Mzinga wa Königsberg una jina la meli yake, vipimo vyake na tarehe zake. Aliyeuvuta hana hata herufi moja.

Isiolo mjini kuna familia za Kisomali ambazo wazee wao walipigana vita hivyo upande wa Mwingereza, kisha wakapewa Isiolo wakae. Baadhi ya wajukuu wao ndio wale waliokuja kuulizwa na kamati, babu yako alitoka wapi. Jamani.

Naomba kitu kidogo tu. Pale kwenye magurudumu, si kwenye mdomo wa mzinga, liwekwe bango linalosema uliwahi kuvutwa na binadamu, walitoka wapi, wangapi hawakurudi. Majina machache yakipatikana kwenye daftari za jeshi, yaandikwe.

Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu za shaba zilizowekwa mwaka 1928 kukumbuka wanajeshi na wapagazi Waafrika. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Yako hata kwa Kiswahili. Jina la mpagazi, hakuna hata moja. Jina lao la pamoja, Carrier Corps, lilitamkwa na watu wetu hadi likawa Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Watu wanaenda kula nyama choma pale na kununua viondo, na makanga wanaliita mchana kutwa: Kariokor, Kariokor, wawili wa haraka.