Jeuri, Ufidhuli na Usafihi

Katika mwambao wa Tanga, toka Moa hadi Pangani, mtu atendaye ubaya mbele ya macho ya watu hatoshi kuitwa mbaya. Hupimwa kwanza: je, ni jeuri, ni fidhuli, au ni safihi? Wanafunzi wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni neno moja, na sisi tulio wazima, kwa haraka, huyaeleza moja kwa jingine. Mimi nilikosolewa mapema. Nilipomwita ndugu yangu safihi kwa kuninyang'anya embe, bibi yangu alinikatiza: "Huyo mchokozi tu, mjukuu wangu. Safihi bado hujamwona."

Maneno yote matatu yametoka katika Kiarabu. Fidhuli, kwa asili, ni mtu ajitiaye katika jambo lisilomhusu. Kwetu maana imesogea kidogo: ni yule amjibuye mzee kana kwamba ni rika lake. Hata hivyo lile kosa la kuvuka mpaka limebaki ndani yake. Safihi naye asili yake ni mtu mpungufu wa busara. Katika sheria ya Kiislamu ndiye atapanyaye mali yake hata akawekewa msimamizi. Pwani imeihamisha aibu hiyo kutoka mfukoni hadi kinywani, kwani safihi wetu hutapanya matusi.

Jeuri ndilo neno zito. Asili yake ni dhuluma: ni mwenye nguvu kuiacha njia ya haki. Basi imekuwaje neno la dhuluma ya mkubwa likawa pia neno la ukaidi wa mdogo, hata leo mtoto akataaye kutumwa dukani huitwa jeuri? Nadhani jibu limo katika historia ya mahali petu. Katika karne ya 19, kandokando ya mto Pangani, palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Pale penye bwana na mtumwa, mwenye kupewa fursa ya kutaja kosa la mwenziwe ni mmoja tu. Mtumwa aliyegoma angeitwa jeuri. Bwana aliyempiga alikuwa akimtia adabu.

Ushenzi ulikuwa jambo jingine. Fidhuli, safihi na jeuri hupata majina yao kwa vitendo. Mtu wa bara aliitwa mshenzi kabla hajafungua kinywa, kwa sababu ya alikotoka tu. Neno hilo lilihukumu kuzaliwa, na waungwana wa miji yetu walilitumia bila kuona haya. Hatuna budi kulikiri hilo.

Lakini jeuri ya asili ilirudi Pangani kwa njia ya bahari. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani kwa jina lake. Mwezi Agosti mjumbe wa Kampuni, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya Kampuni ipandishwe Pangani. Liwali alikataa. Askari wa manowari wakashuka kumtafuta, na katika siku za Iddi ya kuchinja wakaingia msikitini pamoja na mbwa.

Tulipe tendo lile jina gani? Kwa habari ya bendera, ufidhuli unatosha, tena kwa maana yake ya kale: mtu kujitia katika mamlaka yasiyo yake. Lakini kuingia msikitini na mbwa, bunduki mkononi, ni jeuri tupu, ile iliyotoka Arabuni bado haijafundishwa kumsingizia mnyonge. Watu wakainuka, na vita vile Hemedi bin Abdallah wa pwani hii alivitungia utenzi. Wajerumani waliviita uasi wa Waarabu, ingawa waliopigana hawakuwa Waarabu peke yao. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski, aliyepewa jina la Nyundo, aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwezi Agosti 1891.

Nilipokuwa mtumishi wa ofisi moja, niliagizwa kuandika barua ya onyo kwa tarishi, mtu mzima kunishinda. Dondoo nililopewa lilisema "ameonyesha jeuri". Nikauliza alichotenda. Nikaambiwa kuwa alisimama ukumbini, watu wakisikia, akauliza kwa nini malipo yake ya saa za ziada yamepungua. Hakutukana, wala hakupaza sauti. Nikaandika "ameuliza hadharani kuhusu malipo yake", nikalipeleka jalada. Lilirudi jioni ile ile. Maneno yangu yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake limeandikwa lile neno la kwanza. Nikaipiga chapa barua upya.