Jinsi mashamba ya Fukushima yalivyorudi kulimwa

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ardhi na tsunami viliipiga Japani na kuharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Mionzi ikaangukia mashamba. Je, yangelimika tena?

Kwanza walipima udongo. Walikuta sesiamu, kemikali yenye mionzi, imenata zaidi kwenye sentimita 5 za juu. Palipochafuka sana, tabaka hilo lilikwanguliwa na kuondolewa. Kwingine udongo uligeuzwa, wa juu ukaenda chini. Kisha wakaweka mbolea ya potasiamu, kwa sababu mpunga ulioshiba potasiamu hufyonza sesiamu kidogo.

Kuanzia mavuno ya 2012, mchele wa mkoa huo ulipimwa mfuko kwa mfuko kwa miaka kadhaa. Uliozidi bekereli 100 kwa kilo haukuruhusiwa sokoni.

Kazi haijaisha. Sesiamu-137 hupungua nusu kila miaka 30, na sheria inataka udongo uliokwanguliwa uhamishwe nje ya mkoa kufikia 2045.

Msikilizaji, sumu ya udongo haionekani kwa macho. Mafuriko yakileta mafuta au kemikali shambani kwako, mwone afisa ugani, udongo upimwe kabla hujapanda.