Kisiwa cha mtu mmoja: historia ya wazo la binadamu anayejitosheleza

Katika karne ya 12, huko Andalusia, tabibu mmoja wa Kiislamu aliandika kisa cha mtoto aliyekulia kisiwani bila baba, bila mama, bila mtu wa kumsemesha. Tabibu huyo ni Abu Bakr Ibn Tufayl, mzaliwa wa Guadix karibu na Granada, daktari wa khalifa Abu Yaqub Yusuf. Kitabu chake, Hayy bin Yaqdhan, kinauliza swali ambalo wanafalsafa hawajaacha kuliuliza: ukimwondolea mwanadamu watu wote, lugha yote na mafunzo yote, hubaki nini?

Jibu lililopata umaarufu ni kwamba hubaki akili, na akili inatosha. Wazo hilo limesafiri zaidi ya karne nane. Limepita katika riwaya na katika malezi ya watoto, na hatimaye likajengewa kuta za mawe. Ukiifuata safari hiyo utaona jambo ambalo wengi waliolishabikia wazo hili walilipita bila kulitazama: visa vyenyewe vilikuwa vikilikanusha tangu mwanzo.

Paa aliyekufa

Ibn Tufayl hakuanzia patupu. Aristotle alikwishasema kuwa asiyehitaji jamii ama ni mnyama ama ni mungu. Ibn Bajja, aliyefariki Fez miongo michache kabla ya kisa hiki kuandikwa, alitunga kitabu kuhusu maisha ya mwenye hekima anayejitenga kwa nafsi yake katikati ya mji uliopotoka. Naye Ibn Sina, akiwa mfungwa katika ngome ya Fardajan, aliandika kisa kifupi chenye jina hilohilo la Hayy bin Yaqdhan.

Katika kisa cha Ibn Tufayl, Hayy ananyonyeshwa na paa aliyepotelewa na mtoto wake. Anajifunza kuiga sauti za wanyama, anajifunika majani, baadaye anavaa ngozi na manyoya ya tai. Kisha anagundua moto, anachunguza mimea na wanyama, anatazama mwendo wa nyota, na kwa kufikiri peke yake anafikia kumjua Muumba. Haya ndiyo waliyoyasifu wasomaji wa vizazi vingi.

Lakini uchunguzi wake wa kwanza mkubwa ulianza na msiba. Yule paa alizeeka, akadhoofika, akafa. Mtoto alimwita kwa sauti aliyozoea kuitikiwa, asiitikiwe. Alimtazama macho na masikio, asione kasoro. Akapasua kifua chake kwa mawe makali na mianzi mikavu, akitafuta kilichoharibika ili akitengeneze. Akaufikia moyo, akakuta chumba kimoja ki kitupu, ndipo akaelewa kwamba aliyempenda hakuwa ule mwili, bali kitu kilichokuwa ndani yake na sasa kimeondoka. Hakujua la kuufanyia mwili huo mpaka alipomwona kunguru akimzika mwenzake, kama katika kisa cha Habili na Kabili.

Hapo ndipo penye kiini cha kitabu. Hayy asingempasua paa kama hakumpenda, na asingeuliza roho ni nini kama hakufiwa. Kabla ya falsafa palikuwa na maziwa na joto la mlezi. Hata lugha haipati upwekeni. Anafundishwa na Absal, mchamungu aliyekuja kisiwani kutafuta faragha, kwa kuonyeshwa kitu kimoja kimoja na kutajiwa jina lake. Na kitabu kizima kimeandikwa kama jibu kwa rafiki aliyemwomba mwandishi amfunulie siri za hekima.

Kutoka Oxford hadi kisiwa cha Crusoe

Mwaka 1671 Edward Pococke mdogo, mwana wa profesa wa Kiarabu wa Oxford, alikichapisha kitabu hicho kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kilatini. Kichwa alichokipa kilimtaja Hayy kuwa mwanafalsafa aliyejifundisha mwenyewe, na ndivyo Ulaya ilivyompokea. Mwaka 1674 George Keith, aliyekuwa wa madhehebu ya Quaker, alikitafsiri kwa Kiingereza. Waumini hao hufundisha kuwa kila mtu anayo nuru ya Mungu ndani yake, na kwao Hayy alikuwa ushahidi. Simon Ockley akatoa tafsiri nyingine mwaka 1708.

Miaka 11 baadaye, Daniel Defoe alichapisha Robinson Crusoe. Wataalamu wanabishana kama alimsoma Ibn Tufayl, lakini kilichokuwa midomoni mwa watu London ni habari za Alexander Selkirk, baharia wa Scotland aliyeachwa mwaka 1704 katika visiwa vya Juan Fernández, mbali na pwani ya Chile, akaokolewa mwaka 1709. Nahodha Woodes Rogers, aliyeongoza msafara uliomwokoa, aliandika kuwa Selkirk alikuwa ameanza kusahau lugha yake, akitamka maneno nusunusu. Alifuga paka na mbuzi, akawa anaimba na kucheza nao.

Defoe aliuacha udhaifu huo. Crusoe wake anakaa miaka 28, anajenga, analima, anatunza hesabu, na ulimi haumlegei. Mwanafalsafa Rousseau alipoandika Émile, kitabu kuhusu malezi, mwaka 1762, alitaka kisa cha Crusoe kiwe kitabu cha kwanza cha mtoto, ili ajifunze kujitegemea. Ila wakati chombo chake kinavunjika, Crusoe alikuwa safarini kwenda pwani ya Guinea kuchukua watumwa. Na baada ya kumwokoa mwenzake wa kisiwani, Friday, neno analomfundisha mapema kabisa ni kumwita yeye bwana. Absal alimpa Hayy lugha ili wazungumze kama wenza. Crusoe alimpa mwenzake lugha ili apate mtumishi.

Mtoto wa Aveyron

Mwaka 1800 ulileta jambo ambalo riwaya haiwezi kulipamba. Huko Aveyron, kusini mwa Ufaransa, alitoka msituni mvulana wa miaka kama 12, asiyesema neno. Daktari Jean Itard alimpokea mjini Paris, akampa jina Victor, akajitahidi kwa miaka kumfundisha. Victor hakugundua mwendo wa nyota. Hakuweza kusema ila maneno machache sana hadi alipofariki mwaka 1828.

Hata hivyo Itard ameacha habari moja yenye uzito. Mlezi wa Victor, Bibi Guérin, alifiwa na mumewe. Jioni ya msiba, Victor aliandaa meza na kuweka sahani ya marehemu mahali pake pa kila siku. Alipoona jinsi mama huyo alivyoumia, aliiondoa, na hakuiweka tena. Msitu haukumpa maneno, lakini nyumba yenye upendo ilimfundisha kuutambua uchungu wa mtu mwingine.

Upweke uliojengewa kuta

Mwaka 1829 gereza la Eastern State lilifunguliwa Philadelphia, Marekani, baada ya kampeni ndefu ya wanamageuzi, wakiwemo Quaker wengi. Nia yao ilikuwa njema: mfungwa akae peke yake na Biblia, nuru ya ndani imwongoze kwenye toba. Alipotolewa chumbani alifunikwa uso, asione mtu wala asionwe. Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842, akatoka akisema mateso hayo ya akili ni mabaya kuliko ya mwili. Gereza lenyewe liliuacha rasmi mfumo huo mwaka 1913.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela. Zinakataza kumweka mfungwa kwa zaidi ya siku 15 mfululizo katika hali ya kukaa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na watu. Bado wapo wafungwa duniani waliomaliza miaka katika hali hiyo.

Swali la Ibn Tufayl lilistahili kuulizwa, na faragha ina heri yake. Mwenye kusali na mwenye kuandika wote wanaijua. Lakini anayenufaika na faragha ni yule aliyekwishalelewa, akasemeshwa, akapendwa. Anaingia faraghani akiwa amebeba watu ndani yake. Kumnyima mtu watu kwa nguvu ni kumnyima kile kinachomwezesha kufikiri, kutubu na kubadilika, na sheria yoyote ya adhabu inayotaka mfungwa arudi akiwa mtu bora haina budi kuanzia hapo.