Kiti kikubwa, kiti kilichovunjika: Samani inapogeuzwa tangazo

KITI kina sifa moja ambayo vyombo vingi vya nyumbani havina: kila mtu anajua kimo chake. Goti la binadamu ndilo lililoamua urefu wa miguu yake, na mgongo ukaamua urefu wa egemeo. Ndiyo maana fundi anayekikuza mara kumi, au kukivunja mguu mmoja, humsimamisha mpita njia bila ya kumwandikia neno lolote.

Wafanyabiashara wa samani wa Marekani walilitambua hilo mapema. Mwaka 1922 kiwanda cha viti cha Thomasville, katika jimbo la North Carolina, kilisimamisha mjini humo kiti cha mbao chenye kimo cha mita 4 hivi. Mvua na jua vilikiharibu, kikabomolewa mwaka 1936. Kingine cha zege kilijengwa mwaka 1950, nacho pamoja na jukwaa lake kinafikia mita 9. Lyndon Johnson, alipokuwa akiwania umakamu wa rais mwaka 1960, alipanda juu yake na kuwasalimu wananchi.

Wafanyabiashara wa Washington walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1959 duka la samani la Curtis Brothers, katika mtaa wa Anacostia, liliweka nje kiti cha mbao chenye urefu wa karibu mita 6. Mwaka uliofuata mwanamitindo mmoja alikubali kuishi juu ya kiti hicho ndani ya chumba cha vioo, akila, akilala na kutazamwa na umati, na hakuteremka hadi zilipotimia siku 42. Leo huenda tangazo la namna hiyo lingezua maswali mengi kuliko wateja. Duka hilo halipo tena, lakini wakazi wa mtaa huo walikwisha kukifanya kiti kuwa chao: kilipooza na kuondolewa mwaka 2005, mwaka uliofuata kiliwekwa kingine cha aluminiamu mahali pale pale.

Viti vyote hivyo viliuza viti. Kile kinachosimama Geneva, Uswisi, hakiuzi chochote, ingawa kimetumia mbinu ile ile ya kumshitua mtazamaji kwa ukubwa. Ni kazi ya msanii Daniel Berset, iliyojengwa na seremala Louis Genève kwa tani 5.5 za mbao. Kina urefu wa mita 12, na mguu mmoja wa mbele umekatika vipande vipande kama uliolipuliwa. Shirika la Handicap International lilikisimamisha Agosti 1997 mkabala na lango la Ofisi za Umoja wa Mataifa, ili wanadiplomasia wasiweze kuingia kazini bila kuwakumbuka watu waliopoteza miguu kwa mabomu ya kutegwa ardhini.

Kilikusudiwa kukaa miezi mitatu tu, hadi Mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu hayo utiwe saini. Desemba mwaka huo nchi 122 zilitia saini, Tanzania na Kenya zikiwamo, na mkataba ukaanza kutumika Machi 1, 1999. Hata hivyo, Marekani, Urusi na China hazikujiunga, na kiti hakikuondoka. Mwaka 2005 kilipisha ukarabati wa uwanja huo, kikarejeshwa Februari 2007.

Tangazo la kiwanda hupimwa kwa mauzo. Tangazo la namna hii hupimwa kwa saini, na saini zinaweza kufutwa. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Ufini na Polandi, zikihofia Urusi baada ya uvamizi wake nchini Ukraine, ziliamua kujitoa katika mkataba huo. Mkataba wenyewe unaruhusu: nchi hutoa taarifa na kusubiri miezi sita.

Barani Afrika, Msumbiji inaijua vyema gharama ya mabomu hayo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1992, lakini iliichukua nchi hiyo hadi mwaka 2015 kutangaza kuwa imesafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu. Miongoni mwa waliosaidia ni panya buku waliofundishwa kunusa baruti mjini Morogoro, Tanzania.

Bunduki nazo zilibaki mikononi mwa watu. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane alianzisha mpango wa Baraza la Kikristo la Msumbiji ambao ulimpa anayesalimisha silaha majembe, baiskeli au cherehani. Silaha zilikatwakatwa na baadhi ya vipande wakapewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, maarufu kwa jina la Kester, aliunda mwaka 2001 kiti cha enzi kizima kwa vipande hivyo, na mwaka uliofuata kilinunuliwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake humwita mkuu wa kikao mwenyekiti, maana yake haihitaji mkalimani: aliyekalia madaraka amekalia bunduki.

Hakuna hata bunduki moja kati ya hizo iliyotengenezwa Afrika. Egemeo la kiti hicho limeundwa kwa vitako viwili vya bunduki, na matundu yake, ukivitazama kwa mbele, yanafanana na nyuso mbili zinazotabasamu.